Tubadilishe maswali kwanza: hotuba kwa walimu kuhusu programu za hesabu chuo kizima

Ndugu Makamu Mkuu wa Chuo, wakuu wa vitivo na idara, walimu wenzangu, mafundi wa maabara za kompyuta, na ninyi wawakilishi wa wanafunzi mliokaa huko nyuma (sogeeni mbele bwana, mambo haya ni yenu kuliko yetu), habari za asubuhi na asanteni kwa kuja wengi hivi.

Nimeombwa nizungumzie mpango wa kuingiza programu za hesabu chuo kizima, kwenye kufundisha na kwenye asaimenti, yaani sio idara ya hesabu peke yake, ni uhandisi, uchumi, baiolojia, elimu, wote. Na najua wengi mmekuja mkitaka kusikia jambo moja tu, tununue MATLAB au Mathematica au tutumie hizi za bure, nitafika huko msiwe na wasiwasi, ila naomba mnivumilie nianze kwingine kwa sababu mimi naamini kabisa kwamba mpango wa namna hii haufi kwa kuchagua programu mbaya. Unakufa kwa maswali. Tunaleta chombo kipya halafu asaimenti zinabaki zilezile, mtihani uleule, alama zilezile, na baada ya mwaka mmoja maabara imejaa vumbi.

Tuangalie asaimenti ya kawaida. Tafuta integrali ya x mara sin x. Tatua mfumo huu wa milinganyo mitatu. Chora grafu ya fomula hii. Ukimpa mwanafunzi maswali hayo na kwenye kompyuta yake kuna programu ya aljebra, anaandika mstari mmoja, jibu linatoka kufumba na kufumbua, anakopi, anapesti, anakutumia. Mwalimu anakasirika, anasema hizi programu zinawafanya watoto kuwa wavivu, mwanafunzi naye anashangaa kwa sababu amefanya kile hasa alichoulizwa. Mimi hapo simlaumu yeyote kati yao. Swali lenyewe lilikuwa linaomba kazi ya mashine, likapata kazi ya mashine.

Na mashine hazijaanza kuijua kazi hiyo jana jamani. Macsyma, moja ya programu za mwanzo kabisa za aljebra, ilianza kutengenezwa kwenye chuo cha MIT kule Marekani mwaka 1968, wengine humu hata hatujazaliwa, na ilikuwa inatafuta integrali na kutatua milinganyo kwa herufi sio kwa namba tu. Toleo moja la hiyo Macsyma lililokuwa chini ya Wizara ya Nishati ya Marekani lilitunzwa na William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas kuanzia 1982 mpaka alipofariki 2001, na mwaka 1998 alipata ruhusa ya kulitoa bure kwa leseni huria ya GPL, ndo leo tunaiita Maxima, na leo inakaa hata kwenye simu ya mkononi. Kwa hiyo swali la je tuwaruhusu wanafunzi au tusiwaruhusu, hilo limepitwa. Wanazo tayari. Siku hizi tena kuna akili bandia, mwanafunzi hata kuandika amri hahitaji, anapiga picha ya swali, basi. Kilichobaki mikononi mwetu ni tunauliza nini.

Sasa nataka nikae hapa kidogo maana ndo penye utamu wenyewe.

Chukua integrali ya x kwa kipeo n. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua fomula yake, ongeza moja kwenye kipeo halafu gawa kwa kipeo kipya. Iandike kwenye Maxima uone. Haikupi jibu. Inakuuliza kwanza: je, n ni sawa na -1? Wanafunzi wengi hapo wanadhani kompyuta imeharibika. Lakini mashine inauliza kitu ambacho sisi walimu huwa tunakitaja kwa haraka ubaoni tukapita, kwamba n ikiwa -1 unagawa kwa sifuri, fomula inavunjika na jibu linakuwa logi asilia ya x. Basi acha kuuliza “tafuta integrali”. Uliza: programu imekuuliza swali hili, kwa nini imeuliza, na kila jibu linakupeleka wapi? Halafu mwambie atafute eneo chini ya mchoro kutoka 1 mpaka 10 kwa n ya -0.99 na n ya -1.01. Atapata kama 2.3293 na 2.2763. Halafu atafute logi asilia ya 10, atapata 2.3026, iko katikati ya hizo mbili. Hapo anaona kwa macho yake kwamba ile logi haikudondoka kutoka mbinguni, fomula ya kawaida inaisogelea kutoka pande zote mbili. Kwa mkono hesabu hizo zingemla jioni nzima na angechoka kabla hajafika kwenye wazo. Kwa programu ni dakika chache, muda unaobaki ni wa kufikiri, na hicho kipande cha kufikiri ndo unachokipa alama.

Au chukua 1 gawa kwa x kipeo cha pili, kutoka -1 mpaka 1. Mwanafunzi anayefuata fomula bila kuangalia anapata -2. Hasi mbili! Mchoro mzima uko juu ya mstari wa x, hakuna hata sehemu moja iliyoshuka chini, eneo linakuwaje hasi? Mwambie achore grafu kwanza kabla ya kuhesabu kitu chochote, ataona mchoro unapaa bila mwisho pale kwenye sifuri, na hapo ataelewa kwa nini fomula hairuhusiwi kuruka shimo lile. Mtu aliyewahi kushangazwa na ile -2 hatasahau masharti ya teoremu, wakati yule uliyemkaririsha masharti atayasahau siku ya pili ya likizo.

Wenzangu wa baiolojia na mazingira, ninyi mna swali zuri kuliko yote na wengi wenu hamlitumii. Ule mlinganyo wa idadi ya viumbe, idadi ya mwaka kesho ni r (kasi ya kuongezeka) mara idadi ya mwaka huu mara (moja kutoa idadi ya mwaka huu), na idadi hapa inaandikwa kama sehemu kati ya 0 na 1, mlinganyo ambao Robert May aliufanya uwe maarufu kwa makala yake ya mwaka 1976. Hesabu yake ni ya kidato cha pili, kuzidisha na kutoa tu. Weka r iwe 2.8, idadi inatulia karibu na 0.643 na inakaa hapo. Weka 3.2, haitulii tena, inaruka kati ya 0.513 na 0.799 mwaka hadi mwaka. Weka 3.5, zinakuwa namba nne. Weka 3.9, vurugu, na ukibadilisha mwanzo kwa sehemu ndogo kabisa baada ya hatua kadhaa unapata historia nyingine kabisa. Nani atafanya hayo kwa mkono mara mia mbili? Hakuna. Lakini kwa kitanzi, yaani amri zinazojirudia, cha mistari mitano mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaona machafuko yakizaliwa kutoka kwenye kanuni isiyo na bahati nasibu hata kidogo, halafu unamuuliza, je afisa wa wanyamapori akiona idadi inapanda na kushuka hivi, ana haki ya kusema lazima kuna ugonjwa au ujangili? Hilo ni swali la asaimenti. Hakuna programu itakayomjibia.

Sasa wahandisi. Naomba kila mwanafunzi wa uhandisi siku yake ya kwanza maabara aandike kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, 0.1 jumlisha 0.2 na aone 0.30000000000000004. Asiambiwe, aone. Kompyuta inaandika namba kwa binari, yaani 0 na 1 tu, na moja ya kumi kwa binari haina mwisho, kama vile theluthi haina mwisho kwa desimali, kwa hiyo inakatwa mahali. Wengi wanacheka wakiiona, wanasema hiyo tofauti ni ndogo mno. Ndipo unawaeleza habari ya tarehe 25 Februari 1991 kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kudungua makombora ulikuwa unahesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na hiyo moja ya kumi ilikuwa imekatwa kwenye biti 24. Mtambo ulikuwa umewashwa kama masaa 100 mfululizo, kosa dogo likajikusanya mpaka likawa kama sekunde 0.34, na kombora la Scud kwa muda huo linakuwa limeenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali pasipo. Wanajeshi 28 walikufa. Mwanafunzi aliyeona ile 0.30000000000000004 kwa mikono yake mwenyewe halafu akasikia habari hiyo, huyo ukimpa matriksi ya Hilbert, jedwali la sehemu kama 1, 1/2, 1/3 linalokuza makosa madogo, ya 5 kwa 5, kisha 8 kwa 8, kisha 12 kwa 12 na kumwambia atatue milinganyo ambayo majibu yake yote ni moja, hatashangaa akiona kwamba kwa 12 majibu yameharibika kabisa wakati fomula ni sahihi na programu ni sahihi. Ataanza kutafuta tarakimu zake 16 zimepotelea wapi. Huyo ndo mhandisi ninayetaka ajenge daraja nitakalopita.

Na wachumi msidhani mmepona. Mwaka 2010 maprofesa wawili wa uchumi, Carmen Reinhart, wakati ule wa Chuo Kikuu cha Maryland, na Kenneth Rogoff wa Harvard, walitoa makala iliyosema nchi zenye deni la serikali zaidi ya asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wake kwa wastani ulisinyaa kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wakaishika makala ile kwa mikono miwili kutetea kubana matumizi. Thomas Herndon alikuwa mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, na alipewa asaimenti, nasema asaimenti ya darasani kabisa, chagua makala maarufu urudie hesabu zake. Namba zikakataa kutoka. Akaomba faili la Excel, akapewa, akakuta fomula ya wastani imeacha nchi tano nje, na mbali na hilo kuna miaka ya baadhi ya nchi haikuingizwa na uzito uliopewa kila nchi ulikuwa na utata. Yeye na walimu wake wakatoa majibu yao 2013, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2, sio kusinyaa. Waandishi wa makala walikubali kosa lile la Excel ingawa waliendelea kutetea hoja yao kwa ujumla. Mimi nikisikia mtu anasema asaimenti ni za kujaza alama tu huwa namkumbuka kijana yule. Swali lake halikuwa gumu kimaandishi, “rudia hesabu hii uone kama inatoka”, lakini kulijibu unahitaji programu, data, subira na uthubutu wa kuamini namba zako mbele ya majina makubwa. Kila idara hapa ina makala yenye data zilizo wazi. Kwa nini tusiwape?

Haya, nimesema nitafika kwenye programu ipi.

Ukiangalia historia ya vyombo hivi utaona kitu kinachofurahisha, vingi vimezaliwa darasani, na mwalimu aliyechoka kuona wanafunzi wanahangaika na kitu kisichohusika. Cleve Moler aliandika MATLAB ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa Chuo Kikuu cha New Mexico ili wanafunzi wake watumie maktaba za aljebra ya matriksi bila kulazimika kuandika Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta, kampuni ya MathWorks ilikuja baadaye, 1984. Maple ilianza Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwaka 1980, kwa sababu programu kubwa za wakati ule zilihitaji mashine ambazo mwanafunzi wa kawaida hawezi kuzigusa. R ni ya Ross Ihaka na Robert Gentleman, walimu wa takwimu Auckland, New Zealand, waliohitaji kitu cha kufundishia maabara yao. GeoGebra, ya jiometri na grafu, ilianza kama kazi ya shahada ya Markus Hohenwarter kule Salzburg. Octave, ya bure inayofanana na MATLAB, ilianza kama msaidizi wa kitabu cha wanafunzi wa uhandisi wa kemikali, watu wakawaambia walimu wale tumieni Fortran ndo lugha ya wahandisi, nao wakaona kila wakijaribu wanafunzi wanamaliza muda wakitafuta kwa nini msimbo wao umekwama, kemikali hawajifunzi. Kwa hiyo tukiwaza ni ipi ya kutumia tujiulize kama walivyojiuliza wao, ipi itamchelewesha mwanafunzi kidogo zaidi kufika kwenye somo lenyewe?

Maoni yangu, na niko tayari kubishana, ni kwamba msingi wa chuo kizima uwe Python ndani ya daftari za Jupyter, yaani kurasa za kompyuta ambapo maelezo, msimbo na majibu vinakaa pamoja, pamoja na SymPy kwa aljebra na NumPy kwa namba. Idara za takwimu, afya na sayansi ya jamii ziongeze R. Wahandisi wanaotegemea MATLAB na vifurushi vyake vya mifumo ya udhibiti waendelee nayo pale inapohitajika kweli, na kwa kozi za mwaka wa kwanza Octave inatosha maana amri zake nyingi ni zilezile. Walimu watarajiwa wa sekondari wajue GeoGebra vizuri sana. Mathematica na Maple ni programu nzuri mno, sipingi, ila kwa maoni yangu tununue leseni chache za mtandao kwa watafiti, zile ambazo watu wanapokezana kwenye seva, kuliko kuweka kozi nzima za wanafunzi juu ya kitu ambacho siku wakihitimu leseni ya mwanafunzi inakatika na ujuzi wao unabaki kwenye mashine ya chuo. Mwanafunzi akiondoka hapa aondoke na chombo chake mkononi. Hilo kwangu lina uzito kuliko bei.

Lakini zaidi ya kuchagua ipi, tukubaliane ile ya msingi iwe moja na iwe kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho. Kitu kinachowachosha wanafunzi ni kwamba mwalimu wa kalkulasi anatumia hii, wa fizikia anatumia ile, wa takwimu anatumia ya tatu, kila semesta wanaanza upya kujifunza mabano yanakaa wapi. Na msiidharau shida ya mabano. Mwanafunzi anaandika 2x kama tulivyomfundisha ubaoni, programu inakataa, inataka 2*x. Anaandika sin(90) anategemea 1, anapata 0.894 kwa sababu programu inahesabu kwa radiani. Anaandika log akidhani ni ya kizio cha kumi, kumbe ni asilia. Anaandika 2^3 kwenye Python anapata 1, sio 8, kwa sababu alama ile huko ni operesheni ya biti, kipeo ni nyota mbili. Python inaanza kuhesabu orodha kwenye 0, Octave na R kwenye 1. Mambo haya sio hesabu na sio ujinga, ni adabu za chombo, yafundishwe waziwazi wiki mbili tatu za mwanzo, tena kwa utulivu, na mtu asinyimwe alama za fizikia kwa sababu ya mabano.

Najua kuna mzee mmoja wa busara hapa mbele anataka kuniuliza, je watajua hesabu za mkono? Shikamoo profesa, swali lako ni la haki na lina historia. Bruno Buchberger wa Austria, ambaye mwenyewe ni mmoja wa waasisi wa aljebra ya kompyuta, aliandika 1990 kwamba mada ikiwa mpya kwa mwanafunzi aifanye yeye mwenyewe hatua kwa hatua, aone ndani ya sanduku, na akishaielewa, kwenye mada inayofuata atumie mashine kwa ile ya nyuma. Mimi naifuata hiyo. Wiki tunazofundisha integrali kwa mafungu, hakuna programu ya kutafuta integrali. Tukifika kwenye milinganyo tofautishi (differential equations), integrali ni kazi ya mashine. Na kuna utafiti wa Kathleen Heid, Marekani, uliotoka 1988, wanafunzi wa kalkulasi walitumia kompyuta kujifunza dhana karibu semesta nzima, mazoezi ya mkono wakapewa wiki tatu za mwisho tu, na kwenye mtihani wa mwisho wa ujuzi wa mkono walikaribiana sana na wenzao waliofanya mazoezi semesta nzima, huku kwenye dhana wakiwa wanaelewa vizuri zaidi. Ni kozi moja, mahali pamoja, siwezi kujenga nyumba nzima juu yake, lakini inatosha kuondoa ile hofu kwamba ukiruhusu mashine mkono unapooza.

Kwenye alama ndo kwenye kazi. Napendekeza mtihani uwe na sehemu mbili, moja ya karatasi na kalamu bila mashine yoyote, fupi, ya yale ambayo mtu lazima awe nayo kichwani, na nyingine maabara akiwa na programu. Kwenye asaimenti, namba iliyotoka kwenye kompyuta peke yake isipewe alama. Alama zitolewe kwa makadirio, yaani mwanafunzi aandike anategemea nini kabla hajabonyeza, halafu zitolewe kwa kuhakiki jibu kwa njia ya pili, na kwa maelezo ya pale ambapo makadirio na jibu vimegombana. Na kwa kuwa akili bandia inaweza kuandika msimbo na hata maelezo, tuwe na dakika tano za mdomo. Sio kwa kila asaimenti, hatutaweza, ila mwanafunzi ajue wakati wowote anaweza kuitwa afungue daftari lake, mwalimu abadilishe namba moja na kumuuliza nini kitatokea. Aliyefanya kazi yake atajibu, tena atafurahi kuulizwa.

Mazoezi ya kila wiki, yale ya kumfanya mtu azoee, hayo yasahihishwe na mashine. Kuna mfumo unaitwa STACK, alianza kuutengeneza Chris Sangwin kule Birmingham, Uingereza, mwaka 2004, ni huria, unakaa ndani ya Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, na nyuma yake kuna Maxima. Tofauti yake na maswali ya kuchagua A, B, C ni kwamba mwanafunzi anaandika jibu lenyewe na mfumo unajua x(x+1) na x kipeo cha pili jumlisha x ni kitu kimoja, halafu kila mwanafunzi anapata namba zake tofauti, na ukikosea unaambiwa umekosea wapi palepale saa sita usiku wakati mwalimu amelala. Kuandika swali moja zuri la STACK kunachukua muda mrefu, nisiwadanganye, inabidi ufikirie makosa ambayo wanafunzi huwa wanafanya na uandike la kumwambia kila anayekosea. Lakini mtu ambaye amesahihisha script mia nne zenye kosa lilelile anajua muda huo unarudi.

Mashine. Sio kila mwanafunzi ana laptopu na tusipange kana kwamba wote wanayo. Chuo kikiweka seva ya JupyterHub, mwanafunzi anafungua daftari lake kwa kivinjari tu, hata kwenye simu au kompyuta dhaifu, kazi inafanyika kwenye seva. Intaneti ikisumbua, programu zote nilizosema za bure zinainstoliwa na kufanya kazi bila mtandao, basi maabara iwe na flashi zenye mafaili yote tayari, mtu aje akopi asidaunlodi. Na maabara zifunguliwe jioni na Jumamosi. Wawakilishi wa wanafunzi naona mnatikisa vichwa, hilo mlisimamie.

Ndugu Makamu Mkuu, sasa nasema na wewe, kwa heshima zote. Leseni na seva vinaonekana kwenye bajeti, saa za mwalimu hazionekani. Mwalimu mwenye kozi nne hawezi kuandika upya asaimenti zake usiku akiwa amechoka, ataishia kuongeza neno “kwa kutumia kompyuta” kwenye swali la zamani, na tutarudi palepale. Naomba kila mwalimu atakayejitolea apunguziwe kozi moja kwa semesta moja. Naomba wakufunzi wasaidizi wafundishwe kabla ya wanafunzi, wiki nzima, wakilipwa, kwa sababu mwanafunzi akikwama maabara haji kwangu, anamuita yeye. Naomba kazi ya kuandika maswali mazuri ihesabiwe kwenye kupandishwa cheo. Na naomba kuwe na mtu mmoja, ana jina na ana ofisi, ambaye kazi yake ni hii tu, manake kitu cha idara zote bila mtu huwa hakina mwenyewe.

Kuanza tusianze na chuo kizima kwa mkupuo. Kila idara ichague kozi moja ya mwaka wa kwanza au wa pili, kozi yenye wanafunzi wengi, na mwalimu wake aandike upya asaimenti tatu tu kabla semesta ijayo haijafunguliwa. Aziweke kwenye hazina ya pamoja ili mtu wa fizikia aone wa uchumi ameuliza nini na amuibie wazo. Mwisho wa semesta tukutane tena, tuangalie kazi za wanafunzi wenyewe, zile nzuri na zile zilizoharibika, tuamue lipi liendelee na lipi liachwe.

Karatasi za kuandikisha kozi ziko kwenye meza ya kushoto pale mlangoni, ina nafasi ya jina la kozi, jina la mwalimu, na chini mstari mmoja wa kuandika swali la zamani unalotaka kulibadilisha kwanza. Sasa naomba tuanze kuulizana, na tuanze na profesa hapa mbele.